Mzaramo wa Kolombia

Poda ya watoto ikinipitia puani, popote nilipo, narudi kwenye lifti ya jengo letu la St. James Town, huku ughaibuni. Siku nyingine zote lifti ile ilinuka vitunguu vya ghorofa zote, lakini Jumamosi asubuhi ilinukia poda. Hapo tulijua Don Anselmo wa ghorofa ya juu ameshapita, uso mweupe, pua nyekundu, viatu virefu kupita kiasi, anakwenda kuchekesha watoto kwenye sherehe zao za kuzaliwa. Kwao Kolombia alizaliwa ndani ya hema la sarakasi, mchekeshaji mwana wa mchekeshaji. Baba yangu, Mnyamwezi wa Tabora aliyepakia mizigo kiwanja cha ndege huko Malton, alipokutana naye mara ya kwanza hakumsalimu. Alimwuliza kwa Kiingereza chake cha kubahatisha, "Wewe, nyanya hiyo puani umemwibia nani?" Don Anselmo alimfuata Baba nyuma akiiga mwendo wake, goti bovu na yote, mpaka mlangoni petu. Baba alicheka hadi akakaa chini koridoni. "Mama Neema," akamwita mama yangu, "njoo uone. Nimepata Mzaramo!"

Kwetu Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Hutukanana bila kununiana, na mmoja akifa, mwenzake hufika msibani kumfanyia marehemu mzaha, ili wafiwa wapumue kidogo katikati ya kilio. Kiangazi kile Baba alianza kukonda, ini likamlaza kitandani, na kilichomtesa kuliko maumivu kilikuwa jambo hilo. "Huku nitazikwa kimya kama kifurushi," alimwambia Mama. "Nani atanicheka?" Don Anselmo alikuja kila jioni, akaketi ukingoni mwa kitanda, na Baba akamfundisha matusi ya Kiswahili, neno kwa neno, wakicheka mpaka Baba akohoe. Mimi niliyezoea kumjibu Baba kwa Kiingereza nilisikiliza kutoka mlangoni kwa wivu mkubwa.

Baba alifariki kabla majani hayajaanza kupukutika. Kanisani watu walikuwa wakilia kwa adabu, vitambaa mkononi, nikasikia harufu ya poda. Don Anselmo aliingia amevaa koti la kazini la Baba, lile lenye mistari inayong'aa, akichechemea kwa goti la Baba. Akafika kwenye jeneza, akaligonga. "Mnyamwezi mvivu! Amka! Basi la Malton linakuacha!" Mzee mmoja wa kanisa, Mkenya, aliruka kitini. "Mtoeni nje huyu mlevi! Hana heshima?" Mama akainua mkono. "Mwacheni. Huyo ni mtani wake." Kisha akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kiangazi chote, kikageuka kilio hapohapo, nami nikalia naye, na kwa mara ya kwanza wiki ile kulia hakukuniogopesha. Tulipotaka kutoka, Don Anselmo alijilaza mlangoni, kama mtani azuiavyo jeneza lisitoke. "Haendi mtu!" Alikataa kuinuka mpaka Mama alipokwenda kumwinua mwenyewe. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Siku hizi naishi Agincourt, upande mwingine wa jiji lilelile, na Mama naye ameshamfuata Baba. Majira ya baridi yaliyopita Don Anselmo alifia katika nyumba ya wazee. Utani hurithiwa, kwa hiyo nilivaa viatu vyake virefu nikaingia navyo katika ukumbi wa mazishi, walikokuwa wauguzi wake wachache na mwanangu. Nikatembea mwendo wake, nikagonga jeneza. "Mzaramo we! Amka uchukue viatu vyako, vinaniangusha!" Wauguzi waliinamisha vichwa. Mwanangu alinivuta mkono, akaninong'oneza kwa Kiingereza, "Mama, acha, unatuaibisha." Nilisimama pale nikisubiri kicheko. Kati ya wote waliojua kucheka msibani nilikuwa nimebaki peke yangu, nami nilikuwa nalia.