Mbegu Zilizokataa Kuota

Maji yalipofagia mashamba ya mpunga karibu na Ifakara, mimi, bibi shamba wa eneo lile, ndiye niliyetumwa kuwaambia wakulima kwamba msaada unakuja. Niliwaambia kwa mbwembwe, nikiwa na fulana mpya ya mradi.

Mama mmoja wa Kipogoro, mjane, alikuwa ameokoa debe moja la mbegu yake kwa kulipandisha darini. Akaniuliza kama aipande.

"Hiyo kuleni na wajukuu, mama," nikamwambia. "Subiri mbegu bora."

Akanisikiliza. Wakaila.

Mbegu bora zilifika wiki nyingi baadaye, mvua imeshakolea. Wageni wa mradi wakapiga picha na magunia, wakaondoka. Mama akapanda eneo lake lote. Siku ya kumi na mbili nilikuta tope tupu. Nilichimba kwa kidole. Mbegu zilikuwa zimevunda, zinanuka. Nikaenda kulikagua gunia lake. Chini ya lebo mpya palikuwa na lebo nyingine, ya mbegu zilizokwisha muda wake.

Nilimpigia simu mkuu wangu.

"Andika zimegawiwa," akasema. "Kuota ni juu ya mkulima."

Nilijaza lile tope kwenye sahani, nikapanda bodaboda hadi ofisini, nikaiweka juu ya makaratasi yake.

"Unachafua meza," akasema.

"Naona," nikajibu. Ile ripoti ya ugawaji sikuisaini.

Mbegu nyingine hazikuja. Aliyemwokoa yule mama ni jirani yake Msukuma, ambaye ng'ombe wake waliwahi kuwagombanisha. Alimletea miche iliyobaki kitaluni mwake, wakaipandikiza pamoja siku mbili, bila maneno mengi. Ilitosha nusu ya shamba. Walivuna cha kula, basi.

Nilikwenda kumwomba radhi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Aliendelea kupepeta. "Wewe ulitumwa. Lakini mbegu ile aliniachia mama yangu."

Angenitukana ningepumua. Nilirudi nyumbani nimekunja ngumi, sijui nimpige nani.

Muda si mrefu nikahamishiwa Sanje. Siku hizi kila gunia linalopita mikononi mwangu nalifungua mwenyewe, nahesabu mbegu mia, nazilaza kwenye kitambaa kibichi kwa wiki moja nione ngapi zitaota. Wakuu wanapiga simu kuuliza kwa nini nachelewesha kazi. Nawaambia wasubiri.