Vidole vya Tonton kwenye Doctorat ya Consolate

Katika ukoo wetu mutu wa akili ni mimi, Barthélemy. Niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari juu mwalimu wa algebra alikuwa ananionea wivu. Akili iliyobaki ilimwangukia Consolate, mutoto wa dada yangu Olive, anayeniita tonton. Mwaka wa ine huu iko anafanya doctorat juu ya watu wa mila tofauti na namna wanavyoishi pamoja. Kwa lugha ya kwetu: anauliza Bashi waliooana na Barega, makabila mawili ya huku, nani anaamuru nyumbani. Mimi ningemujibu bure.

Alizunguka Walungu, akafika mpaka Mwenga, akasikiliza watu makumi ine. Wote walisema, tena sana. Kutia sahihi, hakuna aliyekubali. Siku hizi nani anaacha jina yake kwenye karatasi, na hujui kesho nani ataisoma? Lakini chuo chake cha ng'ambo kinataka ruhusa ya kila mutu kwa maandishi, la sivyo sura tatu za kazi yake zinatupwa. Kisha barabara ya Mwenga ikafungwa juu ya vita, na ndege haziruki tena. Mutoto akabaki ndani ya chumba chake hapa kwetu Nyalukemba, hawezi kurudi kwa wale watu, hawezi kusonga mbele. Chakula aligusa tu. Ukimusalimia, anajibu kesho yake.

Nikamuhurumia, na huruma yangu mimi haikai bure. Jumapili, yeye na Olive wakiwa kwenye misa, nikaazima wino wa muhuri kwa jirani Chrispin, nikapiga vidole kwenye karatasi zote za ruhusa. Gumba kwa ba papa, kidole kidogo kwa ba maman. Vidole ine, watu makumi ine. Kazi safi.

Consolate aliporudi alitazama moja moja. Hakulia.

«Tonton, hii kidole iko ya nani?»

«Ya muzee mumoja wa Mwenga.»

«Na hii?»

«Ya shemeji yake.»

«Wote wawili walikatwa na panga mahali pamoja?»

Kweli, gumba yangu iko na kovu. Nikamwambia wazungu hawataangalia kovu. Olive alinitukana kwa Mashi, lugha yetu, mpaka akachoka, kisha naye akamusihi mutoto atume tu, professeur alikuwa anangoja faili Jumanne.

«Mama, hawa watu walikataa,» Consolate akasema. «Nikituma vidole vya tonton, nitakuwa nimesema walikubali.»

Akapasua zote. Jumanne akamwandikia professeur ukweli, akatuma faili bila zile sura tatu. Jibu likaja fupi: kamati ya chuo itakaa, asubiri.

Sasa anaandika sura ingine, juu ya watu wanaosema yote na kukataa kuandikwa. Nikamuuliza kama nami nimo.

«Umo, tonton. Bila jina.»

Nikanuna siku mbili. Yeye hakuona. Wiki ya saba hii kamati haijajibu, barabara bado imefungwa, na kila asubuhi anakaa kwenye ile meza, mulango wazi, pa kwenda hakuna.