Muganga wa Labo na Maganda ya Machungwa

Muganga wa labo yetu hapa Kasongo hatupi ganda ya chungwa hata moja. Mimi nabebaka damu ya wagonjwa na pikipiki toka Kabambare ije kupimwa, na kila mara namukuta anakwangua maganda na kisu, ananusa vidole, anaandika mu kaye, daftari yake. Alisoma kwamba wataalamu walitia kitu cha maganda juu ya virusi ya maini, ndani ya kichupa, na virusi ikalegea. "Mu maini ya mutu itafanya vile?" Ananiuliza mimi, mwenye niliacha masomo! Juzi Mama Cadette alimuleta bwana yake, macho manjano kabisa. "Dokta, bwana amechoka na vidonge vya maini, anataka kuviacha. Utupe maji ya maganda."

"Mama, walijaribu mu kichupa. Mutu si kichupa."

"Basi ujaribu juu yake! Unaogopa nini?"

Muganga akaingiza mukono mu mufuko ya bluzi yake nyeupe ya kazi, akatoa kidonge sawa na kile cha bwana, akakimeza mbele yetu. "Ndugu yangu, huu mwaka wa sita navimeza. Na mimi ndio nangojea maganda kuliko ninyi wote."

Bwana akamuangalia sana, kisha akaomba maji ya kumezea.