Pokea, Halafu Ongeza

Dada yangu anafundisha watu wazima kucheza. Nikisema hivyo watu hudhani ni ngoma au mpira. Ni maigizo ya papo kwa papo: hakuna kitabu, hakuna wa kukunong'oneza maneno, unasimama mbele ya wenzako na kubuni hapo hapo. Kila Jumamosi asubuhi, katika chumba kilicho juu ya duka la magodoro, anakusanya waigizaji waliokomaa pamoja na watu ambao hawajawahi hata kusoma risala, na wote anawafundisha jambo moja. Mwenzako akikupa kitu, pokea, halafu ongeza. Akikuita mfalme, wewe ni mfalme. Nyoosha shingo, uliza kiti chako kiko wapi. Ukisema hapana, mchezo umekufa. Sheria hiyo nusura ituulie mtu, na mtu mwenyewe ni mume wake.

Mimi ni mdogo wake. Riziki yangu ni cherehani, ila Jumamosi nilikuwa nakwenda kumpangia viti na kucheka bure. Karani mmoja aliyekuwa akitetemeka hata kutaja jina lake, baada ya miezi miwili aliigiza bibi harusi mwenye kwikwi, tukabaki tunashika mbavu. Dada alikuwa na mkono huo. Mtu alimjia amejikunja, akaondoka amekunjuka.

Mmoja tu ndiye aliyemshinda, fundi bomba. Alisema mkewe amemtuma ajifunze kuongea na watu, maana wateja wanamkimbia. Katika mchezo wa zawadi unamkabidhi mwenzako boksi lisiloonekana, naye anataja kilichomo na kushukuru. Fundi aliinama, akachungulia katikati ya mikono, akasema, "Hamna kitu humu." Akiambiwa meli inazama, anauliza mbona sakafu ni kavu.

"Fundi, pokea," Dada alimwambia.

"Nipokee nini, Mwalimu, na mikono mitupu?"

Chumba kizima kiliangua kicheko. Na mimi nilimcheka, tena kwa kelele. Leo nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Sasa shemeji yangu. Yeye ni mwigizaji wa jukwaani, na kwa kuwa kila mara hupewa nafasi za mawaziri na matajiri, tunamwita Bwana Mkubwa. Walikutana jukwaani na Dada, miaka ishirini na miwili iliyopita. Bwana Mkubwa alisahau maneno yake yote, akamgeukia msichana aliyekuwa amesimama pembeni na sinia, akamwambia, "Mke wangu, mbona umechelewa?" Msichana hakuwa na neno hata moja katika igizo lile. Akajibu, "Nimechelewa kwa sababu ulinificha viatu." Watazamaji walipiga makofi, na wale wawili hawakuachana tena.

Nyumbani waliishi hivyo hivyo. Umeme ukikatwa, wao wako kwenye karamu ya mishumaa. Mimba zilipoharibika, mara tatu, walikaa sebuleni wakawa wazee wawili katika meli, wanabishana bandari ipi washuke. Nilikuwa napita nikiwasikia, nashindwa kujua nicheke au nilie. Hakuna aliyewahi kumvunjia mwenzake mchezo. Dada aliniambia ndicho kitu pekee kilichowasimamisha, na nilimwamini.

Bwana Mkubwa ana ugonjwa wa sukari. Anaujua, ana vidonge vyake, anavisahau. Mwaka huu alivaa viatu vipya vya maonyesho, vikamtoa lengelenge kwenye kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Dada alipoliona, mume alisema, "Mbu wa siku hizi wanang'ata kwa viatu." Dada akauliza, "Wanavaa namba ngapi?" Wakacheka, akamfunga kitambaa. Nilikuwepo nakunja nguo, nikacheka nao.

Wiki iliyofuata Bwana Mkubwa alianza kulala na soksi. Halafu akaacha kutoka chumbani. Akawa balozi aliyekuja kupumzika, anapokea wageni akiwa kitandani, blanketi limefunika miguu. Dada alimpelekea chai kwenye sinia, akainama mlangoni, "Mheshimiwa." Kisha alirudi jikoni, akashika ukingo wa sinki kwa mikono miwili na kulia bila sauti, mabega yakimtikisika.

"Dada, mpeleke hospitali."

"Nimemwambia. Anasema balozi hapangi foleni."

"Na wewe ukasema nini?"

Alifungua bomba ili maji yapige kelele. "Nikasema nitamletea daktari wa ubalozi. Nifanye nini, mdogo wangu? Nikimwambia anaumwa, nitakuwa nimemvunja. Humu ndani tumebaki na hilo tu."

Ningemshika mabega nikamtikisa. Sikumshika. Nilijiambia nyumba si yangu na mume si wangu, nikaenda zangu kushona.

Kisha ikaja harufu. Niliisikia tangu mlangoni, nzito, yenye utamu fulani wa kuchefua. Dada alikuwa amepiga magoti anamwagia dawa kwenye tundu la maji, macho mekundu.

"Bomba limeziba," aliniambia bila kunitazama.

Nikamwambia, "Labda panya kafia humo." Nilipokea, nikaongeza.

Siku mbili alisugua. Hakulala, hakula, mikono ilimchubuka kwa dawa. Kila nilipopita aliniomba ninuse, nimwambie kama imepungua, na kila mara nilimdanganya kwamba imepungua. Jumatatu asubuhi akampigia simu fundi bomba, yule yule wa Jumamosi.

Alikuja na mfuko wake wa spana. Akalala chali chini ya sinki, akafungua, akatoa kiungo kilichopinda, akakimulika, akakinusa. Akakirudisha. Akaenda bafuni, akafanya hivyo hivyo. Kisha akasimama kwenye korido anafuta mikono.

"Mwalimu, bomba zako safi."

"Haiwezekani. Angalia tena."

"Nimeangalia. Mimi naijua harufu ya bomba. Hii siyo."

Akaanza kutembea taratibu, pua mbele, mpaka mlango wa chumbani. Dada alimtangulia akasimama kizingitini, mikono imeshika miimo yote miwili. Fundi akapita chini ya mkono wake.

Bwana Mkubwa alikuwa ameegemea mito, anatoka jasho, midomo imekauka. Alipomwona mgeni alijivuta akakaa. Jamaa alikuwa anakufa na tai shingoni.

"Karibu, Waziri wa Maji!" alisema. "Leta taarifa ya mabwawa."

Nilimwona Dada anamtazama fundi. Nakumbuka macho yale. Kwa miezi mitano alikuwa akimbembeleza mtu huyu apokee, na sasa sikujua anamwomba nini.

"Hapana," fundi alisema. "Mimi fundi bomba. Na wewe, mzee, mguu wako unaoza."

"Toka nje!" Dada alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake. Alimpiga fundi ngumi za mgongoni, moja baada ya nyingine. "Toka! Toka kwangu!"

Fundi alifunua blanketi, akaivuta soksi, nayo ilishuka na ngozi. Vidole vitatu vilikuwa vyeusi tii, na weusi ulikuwa umepanda kupita kifundo. Dada aliacha kupiga. Akakaa sakafuni pale pale. Fundi akageuza mgongo, akachuchumaa, akasema, "Mzee, shika shingo yangu," akambeba hadi kwenye gari lake, akamlaza nyuma katikati ya mabomba, mimi na Dada tukimshikilia kila upande.

Hospitalini daktari alikuwa mwanamke wa makamo, hakuzunguka mbuyu. Mguu ukatwe juu ya goti, leo, kabla sumu haijaenea zaidi. Ukiachwa, hatafika kesho kutwa. Akauliza kidonda kilianza lini. Dada akamwambia ukweli. Daktari alishusha kalamu. "Mngekuja wakati ule, tungezungumzia kidole," alisema. Dada alikubali kwa kichwa, akaendelea kukubali kwa kichwa hata daktari alipokwisha kunyamaza.

Ikabaki saini. Mgonjwa ana akili zake, anatia saini mwenyewe, na Bwana Mkubwa aliikataa kalamu. Akasema yeye ni mshambuliaji wa kutegemewa, kesho ni fainali, nchi nzima inamngoja. Muuguzi akajaribu. Mimi nikajaribu, "Shemeji, nakuomba," nikalia mbele yake. Alinikonyeza. Saa ya ukutani ilikuwa inakwenda.

Kisha akamgeukia Dada, sauti imeshuka, ile ya utani imemtoka nusu. "Mke wangu. Nitatoka humo na miguu yote miwili. Siyo?"

Dada alifungua mdomo. Nilijua jibu lililokuwa tayari, nililisikia miaka yote: ndiyo, na utafunga mawili. Midomo yake ilianza kulitengeneza.

"Hapana," alisema.

Bwana Mkubwa alimtazama kama alivyomtazama usiku ule aliposahau maneno. Alingoja aongezewe kitu. Hakikuja.

"Hapana, mume wangu. Utatoka na mmoja."

Mkono wa Bwana Mkubwa ukatoka chini ya shuka ukapapasa, muuguzi akautilia kalamu, naye akaandika jina lake lote kwa shida, herufi za mwisho zikatoka nje ya mstari. Kalamu ilipoanguka hakuna aliyeiokota.

"Naogopa," alisema.

"Na mimi," Dada alisema.

Wauguzi walipokuja kumchukua na machela, waliambiwa wangoje kidogo. Dada alikuwa ameinama kwenye mguu wa kulia, ule mzima. Ameuvua soksi, ameuinua kwenye mwanga wa dirisha, na anakagua vidole, kimoja kimoja, akivitenganisha.