Sufuria Kwanza

Kila anayeingia kwenye kikundi chetu cha simu huuliza swali lile lile: nianze vipi nisife siku ya kwanza? Na kila mara wenzangu hunisukumia mimi, kwa kuwa katika wachezaji wote wa hapa Likasi mimi ndiye niliyewahi kuishi siku nyingi zaidi bila kuumwa na zombi. Najibu kwa maneno mawili. Sufuria kwanza. Wapo wanaocheka na kwenda kutafuta bunduki, na kabla siku ya tatu haijaisha wanaandika tena wakilalamika kwamba mchezo ni mbovu. Hao siwajibu mara ya pili. Sina uvumilivu na mtu anayeomba ushauri ili aupuuze.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza. Unaamka mikono mitupu katika mji ambao watu wake wamekufa na bado wanatembea. Unaokota jiwe, unakata kijiti, unasokota majani yawe kamba, na kutoka hapo unajitengenezea shoka, kisha mlango, kisha nyumba, kama bado uko hai. Sisi hatuchezi ule wa asili. Vijana wawili wa Lubumbashi waliufungua wakaugeuza, wakatia vitu vyetu. Nyumba zimekuwa za matofali kama zile za kambi ya wafanyakazi kule Panda, majiko ya gesi yameondolewa, kila jikoni kuna mbabula, jiko la makaa, na maji ya mto yamefanywa kuwa makali. Ukiyanywa bila kuchemsha, tumbo linakumaliza kabla zombi hajakuona. Ndiyo maana nasema sufuria, au nyungu kama tunavyosema kwetu. Shoka utalitengeneza mwenyewe, na mkuki pia, lakini sufuria huwezi kuitengeneza siku za mwanzo. Inabidi uingie katika nyumba ya mtu uichukue.

Mimi hapo ndipo niliposhindwa. Nacheza kwenye kompyuta ya duka ninakofanya kazi ya kuchapa barua na kutoa fotokopi, mchana wateja wakipungua, na kwa majuma matano nilikuwa nakufa kwa kiu. Nilikuwa nafika dirishani, naiona sufuria iko juu ya mbabula, halafu mkono unakataa kubonyeza. Nilicheza na msichana mmoja wa Lubumbashi tuliyejuana naye kwa sauti tu, na alikuwa akinipigia kelele masikioni.

"Ingia basi! Unaogopa nini? Benye nyumba balishakufa bote!"

"Njo maana," nilimwambia. "Balishakufa."



Baba alikufa nikiwa na miaka kumi na mmoja. Alikuwa fundi wa mitambo, mtu wa kuchelewa kucheka. Kwetu, upande wa baba na upande wa mama pia, ukoo unafuata mama. Vitu vya mwanaume aliyekufa ni vya ndugu zake na vya watoto wa dada zake, maana mke na watoto wake ni watu wa ukoo mwingine. Sheria ya serikali inasema vingine, lakini sheria haikuwepo asubuhi ile matanga yalipoondolewa na gari dogo la mizigo likasimama mbele ya nyumba yetu. Hawakupiga hodi.

Mpwa mkubwa ndiye anayeanza. Akishagusa kitu cha kwanza, wengine nao wanaruhusiwa. Mpwa mkubwa wa baba alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, ambaye Noeli iliyotangulia alikula bukari, ugali wetu, mezani kwetu akaomba aongezewe. Aliingia, akaipita redio, akavipita viti, akaenda moja kwa moja jikoni, akaiinua nyungu ya mama, ile nzito ya aluminiamu. Ilikuwa na maji ya moto ndani. Aliyamwaga uani. Kisha wengine wakaingia, wakatoa kitanda, kabati, viti, hata pazia la mlangoni wakalichomoa pamoja na misumari yake.

Mama hakulia. Alitupanga ukutani, mimi na wadogo zangu wawili, akasema kwa sauti ya chini:

"Mubaangalie muzuri. Musifunge macho. Mubaangalie mupaka bamalize."

Tuliwaangalia mpaka gari likaondoka. Jioni ile aliapa kwamba mtoto aliyetoka tumboni mwake hatamfanyia mjane yeyote jambo kama lile, na sisi tuliapa naye. Kisha kwa miezi mingi alichemsha maji yetu ya kunywa katika kopo la maziwa ya unga, akilishika kwa kipande cha kitenge ili asiungue. Kopo lilijaza vikombe vitatu. Sisi tulikuwa watatu, kwa hiyo yeye alikunywa baadaye, au hakunywa. Nilimchukia mpwa yule mwenye ndevu, na bado namchukia, sioni sababu ya kuficha.

Kwa hiyo msichana wa Lubumbashi aliponiambia niingie tu, hakujua ananiambia nini.

Kilichonisaidia kilikuwa hodi. Huu ni ushauri wangu wa pili, na ni wa kweli kabisa: usiingie nyumba bila kubisha. Gonga mlango, rudi hatua tatu, subiri. Kama kuna aliyekufa ndani, atakuja mwenyewe kwako, na utamkuta mahali penye nafasi ya kukimbia. Mimi nilikuwa nagonga huku nasema hodi kwa mdomo wangu kabisa, pale dukani, mpaka mteja mmoja akageuka kuangalia nani anaingia. Hakuna aliyeitikia. Basi nikaingia, nikaichukua sufuria, nikachemsha maji, nikanywa, nikaishi siku kumi na mbili.

Baada ya hapo mambo yakawa mepesi. Nilijifunza usipigane na yeyote siku ya kwanza. Nilijifunza usikimbie jua likiwa utosini, kiu inakuja haraka. Lala juu ya paa na uvunje ngazi nyuma yako. Usipoteze muda chumba cha kulala wala kwenye viti, nenda jikoni, jikoni ni nyuma upande wa kushoto, nyumba zile zote ni ramani moja. Nikawa namaliza nyumba nzima kabla mbabula haijashika moto. Hodi nikaiacha bila kujua niliiacha lini.

Siku moja mama alinikuta nacheza. Ni mtu wa maombi, na alipoona wafu wanatembea kwenye kioo aliiwekea kompyuta mkono juu, akaiombea, mwenye duka akiangalia. Alipomaliza alibaki amesimama nyuma yangu.

"Na benye hii nyumba beko wapi?"

"Balikufa, mama."

"Na bintu yabo?"

"Tunakamata."

Alichukua mfuko wake wa sombe, majani ya muhogo, akaenda.

Mwaka huu, mvua zikielekea kuisha, mjomba alikufa huko Kapolowe. Alikuwa mkulima wa mahindi, ndugu pekee wa kiume wa mama, na aliacha mke na mtoto ambaye alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Mimi ni mtoto wa kwanza wa dada yake. Mkono wa kuanza ulikuwa wangu. Ukoo ulipokaa uani kwetu kupanga safari, nilitulia kabisa nikimsubiri mama akatae. Alifunga kitambaa chake cha kichwa upya, akasema:

"Bintu ni ya kwetu. Weye njo utaanza."

"Mama, na ile uliapa?"

"Minye balinikamatia yote," alisema, na sauti yake haikuwa ile ninayoijua. "Yote. Nani alinionea huruma?"

Nilikasirika mpaka masikio yakaziba, na pia nilimhurumia, na sikujua nimwambie lipi kati ya hayo mawili. Ila moyoni nilipanga. Nitakwenda nao, nitasimama katikati ya sebule, nitasema mbele ya wote: minye sikamate kintu. Mpwa asipogusa, wengine hawana ruhusa. Njia nzima, nikiwa nyuma ya gari pamoja na wajomba wa mbali na kamba zao, niliyarudia maneno yale.

Kule nilipiga hodi. Mjane aliitikia karibu kutoka ndani. Nikaingia, na ndugu wakabaki mlangoni wakisubiri.

Siwezi kulieleza vizuri jambo lililofuata. Nyumba ilikuwa ya matofali, viti upande wa kulia, redio juu ya meza. Nilivipita viti. Niliipita redio. Nilikuwa bado nayatafuta maneno yangu mdomoni wakati miguu yangu ilipokata kushoto, nyuma, na nilipojua niko wapi, mkono wangu ulikuwa umeshika sikio la sufuria juu ya mbabula. Joto ndilo lililonizindua. Mjane wa mjomba alikuwa amechuchumaa karibu yangu na mtoto mgongoni.

"Kamata tu, mwipwa," alisema. Hakuwa na hasira hata kidogo. "Ni yenu. Ngoja tu nitoe mayi. Nilitokotesha ya kumupa mutoto."

Akageuka kutafuta chombo cha kumiminia. Akapata kopo la maziwa ya unga.

Mama alikuwa amenifuata. Alisimama kwenye mlango wa jikoni akamwangalia mjane anavyomimina, maji mengine yakimwagikia vidole, kopo likajaa na sufuria bado ina maji. Aliangalia muda mrefu. Kisha akaja, akalichukua lile kopo mikononi mwake, akayarudisha maji ndani ya sufuria, akaisukuma sufuria katikati ya moto. Aliniambia nitoke. Nilitoka.

Sitadanganya kwamba yote yaliisha vizuri. Nilikuwa nimeshagusa. Kitanda kilipakiwa, na baiskeli, na magunia ya mahindi, na mama hakutoka jikoni kuzuia hata kimoja. Alikaa ndani na mjane mpaka injini ikawashwa. Sufuria ilibaki.

Wakati wa kurudi alikataa kukaa mbele na dereva, akapanda nyuma karibu yangu, juu ya gunia. Tulipokaribia mji ndipo alipoongea.

"Ulienda mbiyo ku nyungu. Haukuangalia hata kintu kingine. Nani alikufundisha?"

Alikuwa anaifikiria kompyuta ya dukani, niliona usoni mwake, na alitaka nimwambie ni hiyo. Ingekuwa rahisi. Lakini niliyajua haya kabla sijawahi kuugusa mchezo wowote. Nilijifunza nikiwa na miaka kumi na mmoja, nimesimama ukutani kwetu, na yeye mwenyewe ndiye aliyetuambia tuangalie vizuri mpaka wamalize.