Mzigo wa Mtu Haushushwi Njiani

Nyumba tuliyotoka nayo Louisville ilikuwa na magurudumu. Wanangu huiita treila. Kwangu mimi kitu chenye kitanda, jiko na mlango wa kufunga kwa ufunguo ni nyumba. Mzee wangu ndiye aliyeitaka. Siku ya kwanza aligonga kuta zake kwa kidole kama fundi anayekagua mbao, maana useremala ndiyo kazi aliyokulia, akasema, "Humu, wakituambia hameni, tunahama na kuta zetu."

Sikucheka. Nilimwambia avue viatu, anachafua zulia.

Lakini nilimwelewa. Burundi tulitoka mikono mitupu. Tanzania tulikaa kambini mpaka watoto tuliowabeba mgongoni wakaota ndevu. Louisville nako tulihama kila mwenye nyumba alipopandisha kodi. Halafu binti yetu akanunua nyumba kuukuu huko Buffalo, mtaa wa Black Rock, karibu na mto, nyumba ya bei ya chini yenye ua mpana. Alikuwa mjamzito. Akapiga simu: "Mama, njooni mkae na mimi. Mmezunguka vya kutosha." Tatizo likawa ngazi. Ngazi zake ni kali, na magoti ya mzee yalikuwa yamekataa ngazi siku nyingi. Ndipo mwanangu wa kiume, afanyaye kazi kwenye ghala Louisville, akaleta wazo la treila: tuivute na pikapu yake, tuiegeshe uani kwa dada yake, tulale mle, tule kwa binti.

Mwanangu si mtu wa kukurupuka. Treila ya aina hii haifungwi nyuma ya gari kama zile nyingine. Ina shingo ndefu, na shingo ile inapanda juu ya bodi ya pikapu na kukaa pale katikati, ikifungwa kwa chuma kizito. Kwa hiyo uzito wa mbele wote uko mgongoni mwa gari. Alinifungulia mlango wa dereva akanionyesha kibandiko ambacho mimi nilidhani ni cha urembo.

"Mama, hapa wameandika uzito wa watu na mizigo ambao gari hili linaruhusiwa kubeba. Muuzaji atakwambia linavuta pauni elfu kumi. Ni kweli, linavuta. Lakini kuvuta ni kitu kimoja, kubeba ni kitu kingine. Shingo ya treila ni mzigo. Chuma cha kuifungia ni mzigo. Mimi, wewe na Baba, sote ni mzigo."

"Mimi nimekuwa mzigo tangu lini?" mzee akauliza.

"Tangu upande garini, Baba."

"Basi mama yako aanze kula kidogo."

Tulizunguka kwenye uwanja wa kuuzia treila mpaka miguu ikavimba. Mzee alipenda moja yenye makochi na meko ya bandia yenye moto wa umeme. Mwanangu akasoma maandishi yaliyobandikwa ukutani kwake, akatikisa kichwa. Mzee akapenda nyingine. Mwanangu akatikisa kichwa tena. Mwisho tukachukua ndogo, fupi, yenye chumba cha kulala pale juu ya shingo, unapanda hatua mbili tu. Akapiga hesabu ya watu watatu, nguo zetu, masufuria na kinu changu. Ikatosha, ikabaki nafasi kidogo. Akasema nafasi ile mtu asiiguse, ni ya usalama, na pia ni ya sheria: tukipata ajali tumezidisha, bima inaweza kukataa kutulipa.

Jumapili ya kuondoka watu wa kanisani walikuja kutuaga.

Kwetu mtu akisikia unasafiri hakuombi umbebee. Anakuletea. Na kwa kuwa wengi wana ndugu Buffalo, na wote walikuwa wameshaiona ile nyumba ya magurudumu, waliona nafasi iko tele. Walileta unga wa muhogo, madumu ya mawese, dagaa waliofungwa mara tatu na bado wananuka, vitenge, maharage, na cherehani ya chuma ya mpwa wa mtu. Kila furushi lina jina la mwenyewe. Mzee alipokea yote kwa mikono miwili. Akayapanga chumbani, juu ya kitanda na kando yake, kwa sababu ndipo palipokuwa pakavu na pana heshima. Yaani pale pale juu ya shingo.

Mwanangu alimvuta pembeni. "Baba, vitu hivi vyote Buffalo vipo."

"Dukani vipo. Hivi vimetumwa."

"Hesabu yetu, Baba."

"Hesabu utapiga wewe. Mimi nitawaangaliaje hawa watu machoni?"

Mimi nilikuwa namjua. Siku tulipotoka kambini walitupimia mabegi kwenye mzani, kila mtu na kilo zake. Begi la mzee likazidi. Alitoa randa yake na msumeno wake, vyombo vilivyotulisha miaka yote ile, akampa jirani. Kilichobaki begini kilikuwa furushi la mama mmoja aliyemtuma kwa mwanawe Marekani. Nilimwambia atoe furushi. Aliniangalia kama nimemtukana. "Randa ni yangu, naweza kuiacha. Hili si langu." Furushi lile lilifika. Randa sijui iko wapi.

Basi tukaondoka Louisville mvua inanyesha, taa zimewashwa. Pikapu ilizama nyuma ikainua pua, na taa zetu zikawa zinawapiga wenzetu machoni. Wakawa wanatuwashia za kwao. Mzee akawa anawapungia mkono.

"Wanatusalimia."

"Wanatutukana, Baba," mwanangu akasema.

Kabla ya kuingia Columbus aliingia kwenye kituo chenye mzani wa malori. Alirudi na karatasi, akakaa kwenye usukani bila kuwasha gari. Pikapu ilikuwa imepita kikomo chake. Asubuhi yake, kwenye kiwanja cha kanisa moja la Clintonville, humo humo Columbus, ambako mjukuu wetu huimba kwaya, tulihamisha mafurushi. Mjukuu wetu huyo ni binti wa huyu mwanangu. Anasoma chuo kikuu kile kikubwa na amepanga University District, mtaa wa wanafunzi ambapo hata gari dogo halipati pa kusimama. Alikuja kwa basi kutusaidia. Tulisogeza mizigo nyuma kiasi tulichoweza, lakini matairi ya treila nayo yana kikomo chake. Na ukizidisha nyuma, mwanangu alisema, nyumba inaanza kutikisa mkia barabarani. Niliteremsha kinu changu, nikakikabidhi kwa mchungaji. Tukarudi mzanini. Bado tulizidi, si sana.

"Bado kiasi gani?" mzee akauliza.

"Kama pauni mia na hamsini, Baba. Rahisi. Tunaacha mafurushi machache kwa mtoto, nitayafuata nikipata likizo."

"Mzigo wa mtu haushushwi njiani."

"Baba, ni unga!"

"Ni wa mtu."

"Babu, nitayatunza," mjukuu akasema kwa Kiingereza, kama anavyotujibu siku zote. Mwanangu akamtafsiria.

"Hukutumwa wewe, mjukuu wangu. Nimetumwa mimi." Akafungua mlango. "Daktari alinipima juzi. Mia na hamsini, kasoro moja. Nitashuka mimi. Mimi nina miguu, unga hauna. Nitakuja na basi."

Nikasema nitashuka naye. Akakataa. Binti yetu alikuwa amejifungua wiki ile ile, na kwetu mzazi hulindwa na mama yake: kumkanda kwa maji ya moto, kumpikia uji, kumshikia mtoto alale. "Wewe unasubiriwa," akaniambia. "Mimi nasubiriwa na nani? Mtoto mchanga hajui babu." Nikauliza kwa nini asikae nyuma mle ndani ya nyumba, alale kitandani kwake. Mwanangu akasema hapana, sheria ya huko tuendako hairuhusu mtu kukaa mle ikivutwa, na hata ingeruhusu, yeye hangemweka baba yake mle.

Akashuka. Akasimama kando ya mzani na kofia yake, begi dogo mkononi, mjukuu amemshika kiwiko. Gari likapimwa. Mwanangu akasoma karatasi, akamwinulia kidole gumba. Mzee akapiga makofi kama mtu aliyeshinda kesi.

"Mmeona?" akapaza sauti. "Kumbe mimi ndiye niliyezidi!"

Nikafungua kioo. "Uvae sweta," nikamwambia. Ndilo neno nililomwachia.

Buffalo tulifika salama. Pikapu ilikwenda imenyooka, hakuna aliyetuwashia taa. Nilimkuta binti yangu amelala na mtoto kifuani, nikaingia jikoni nikabandika maji. Kila jioni, akisubiri siku ya basi lake, mzee alipiga simu. Alikuwa amekuwa mtu mkubwa pale University District. Wanafunzi wa Kiafrika, wengine wanatafuta udaktari wa vitabu, walikuja chumbani kwa mjukuu kumwamkia shikamoo, na yeye akawa anawakosoa namna wanavyopika wali. "Hawa watoto wana akili lakini wali wao ni uji," aliniambia. Nikamwambia asiwasumbue watu. Akaniuliza kama nimegawa mafurushi. Nikasema nimeanza. "Malizia," akasema. "Nikija nisikute hata moja."

Asubuhi ya kupanda basi alivaa koti, akavaa kofia, akakaa kwenye kiti karibu na mlango, begi kati ya miguu. Mjukuu alishuka dukani kumnunulia maji ya safari. Aliporudi alimkuta vile vile, amekaa.

Yule mtoto, nimesema, hutujibu Kiingereza siku zote. Siku hiyo alinipigia akasema Kiswahili kitupu.

"Bibi. Babu haamki. Bibi, nimemwita, haamki."

Nilikuwa na nepi za mtoto mikononi. Nilizikamua, nikazianika, ndipo nikamwambia binti yangu. Sijui kwa nini nilizianika kwanza. Moyo, walisema baadaye. Ulisimama tu.

Mwanangu alishaitenganisha pikapu na treila, treila ilikuwa imesimama uani. Tulirudi naye Columbus, sisi wawili, nyuma hakuna kitu. Pikapu ilikuwa inarukaruka kwenye mashimo, nyepesi kabisa. Ingebeba watu wote wa nyumba yetu siku hiyo na bado ingetaka wengine.

Mtu wa nyumba ya mazishi alikuwa kijana mpole mwenye tai. Alitaka kujua tutahitaji jeneza la kiasi gani. Akauliza urefu, mwanangu akajibu. Akauliza uzito.

Mwanangu aliijua namba ile. Alikuwa ameizungusha kichwani toka siku ile mzanini, aiweke wapi, aipunguze na nini. Nikaona mabega yake yanaanza kutikisika, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, nikamshika mkono.

"Mia na hamsini," nikasema mimi, "kasoro moja."

Kijana akaandika, akashukuru.

Gari lao refu jeusi lilimleta Buffalo peke yake, amelala, nafasi tele pembeni. Tulimzika huku ili binti yake aweze kumtembelea. Watu waliokuwa wamepokea unga na dagaa walikuja wote, na kila mmoja alitaka kuniambia jinsi mzigo wake ulivyofika vizuri. Niliwajibu asante. Nilikuwa sitaki kuwaona.

Lilibaki furushi moja, la mama mmoja mzee anayeishi mtaa wa pili, ambaye mguu ulimzuia kuja msibani. Lilikaa pale kitandani, upande wake mzee, siku nyingi. Binti yangu alisema alipeleke yeye. Nilimwambia aliache. Siku moja nililibeba mwenyewe, nikagonga mlango wa yule mama, nikamwekea mezani. Akakata kamba kwa kisu.

Maharage. Kilo chache za maharage mekundu, yale yale yanayouzwa hapa kila kona.

Nilitaka kupiga kelele. Nilikaa tu. Yule mama alichovya mkono ndani ya mfuko, akayanusa, akaanza kulia. Akasema ya dada yake haya, anayapanda mwenyewe kwenye kishamba cha kanisa Louisville, ni mbegu iliyotoka kwao. Akasema mzee wangu Mungu amlaze pema. Alichota nusu, akanifungia kwenye mfuko, maana kwetu aliyebeba hapewi mkono mtupu. Nikakataa. Akaniwekea begani.

Nilirudi kwenye nyumba ya magurudumu nikawasha jiko lake dogo. Nilichambua maharage, nikaosha, nikabandika. Yalipoiva nilifunua sufuria nikaona nimepika ya watu wawili. Nikapakua sahani moja, nikala pale pale nimesimama. Ya pili niliipakua, nikaifunika.