Gurudumu la Kisima cha Azaiba

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 1964, nilipelekwa Azaiba, nje ya mji wa Maskati. Nilikuta gurudumu la kisima limepasuka na mitende imeanza kukauka. Mimi nilikuwa seremala wa milango kutoka Unguja. Chombo kile sikuwa nimepata kukiona. Mwenye shamba, mzee aliyewahi kuishi Pemba, hakuniuliza ninajua nini.

“Fundi, mitende yangu yafa kwa kiu. Waweza?”

“Nitaweza, Sheikh,” nikajibu, maana sikuwa na kazi nyingine wala pa kurudi.

Chombo chenyewe huitwa zajra. Juu ya kisima husimamishwa magogo mawili, na baina yao huzunguka manjuri, gurudumu la mti linalopitisha kamba. Ng'ombe huvuta kamba akishuka mteremko, na ndoo ya ngozi hupanda imejaa. Nilimuuliza msimamizi wa shamba asili yake ni wapi.

“Wallahi sijui. Wengine wasema Uajemi, wengine Bara Hindi. Kila mtu adai ni cha babu yake. Wewe kiunde, kesho utasema ni cha Unguja!”

Nikachonga gurudumu jipya kwa mti wa mkunazi, mgumu kama jiwe, hadi viganja vikatoka malengelenge. Sikuacha. Lilipokamilika nikalipaka sifa, yale mafuta ya papa, lisilie. Nikalizungusha kwa mkono, likaenda kimya, nikajiona bingwa.

Kesho yake asubuhi majirani wakaingia na nyuso za msiba, wakamkuta mwenye shamba anakunywa kahawa.

“Nani kafa?” akauliza.

“Tulidhani wewe! Gurudumu limeshatengenezwa, na kisima chako bado hatukisikii!”

Kumbe kila gurudumu lilikuwa na mlio wake, na jirani akiujua. Hata ng'ombe, asiposikia mlio, husimama. Mwenye shamba akacheka hadi kahawa ikamwagika.

“Fundi, yasugue hayo mafuta yatoke. Nnataka lilie lisikike mpaka Seeb kule!”

Nikalisugua kwa majivu kutwa nzima. Jioni likalia, mitende ikanywa, nami nikaajiriwa moja kwa moja. Furaha ile sijaisahau.

Kwa miaka sita niliunda magurudumu ya mashamba mengi ya pwani ile. Mwaka 1970 mwenye shamba akaleta pampu ya mafuta, nikaifunga mwenyewe, tukashangilia maji yakibubujika.

Sasa nimestaafu, ninaishi Mabela. Vijana mnaosomea mambo ya maji, sikilizeni: ng'ombe alikuwa akichoka, na kisima kikapata nafasi ya kujaa. Pampu haikuchoka, ikavuta maji matamu kuliko yaliyorudi. Mwaka baada ya mwaka bahari ikaingia chini kwa chini, na mitende niliyoiokoa ikafa kwa chumvi, ingawa maji yalikuwapo shinani.